Hesabu ya Faida katika Uundaji wa Bidhaa: Mfano wa Mchezo wa Minecraft

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inamhusu pia mchezaji wa michezo ya kompyuta ya kunusurika, yaani michezo ambamo mhusika huanza mikono mitupu na kulazimika kujitafutia chakula, zana na makao kabla ya usiku kuingia na maadui wake. Makala haya yanafafanua jinsi ya kubainisha iwapo uundaji wa bidhaa katika mchezo wa aina hii una faida au hasara. Mfano uliotumiwa ni Minecraft, mchezo uliobuniwa na Markus Persson wa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka wa 2011.

Ngozi isiyohesabiwa

Wanakijiji wa Minecraft hulipana kwa zumaridi. Kwa bei za msingi, mkutubi hununua karatasi 24 kwa zumaridi moja na, akishapanda daraja, hununua vitabu 4 kwa zumaridi moja. Fundi wa ngozi hununua ngozi 6 kwa zumaridi moja. Kitabu kimoja huundwa kwa karatasi 3 na ngozi 1.

Kwa mtazamo wa juujuu, vitabu vina faida kubwa. Karatasi 24 zikiuzwa zilivyo huleta zumaridi moja. Zikigeuzwa kuwa vitabu 8 huleta mbili. Hata hivyo, hesabu hiyo imeisahau ngozi. Kwa kuwa ng'ombe alichinjwa kwa ajili ya nyama, ngozi yake huonekana kuwa ya bure.

Chukulia mchezaji mwenye karatasi 72 na ngozi 24. Akiziuza zilivyo, atapata zumaridi 3 kwa karatasi na 4 kwa ngozi, jumla 7. Akiunda vitabu 24 na kuviuza, atapata zumaridi 6. Ametoa jasho zaidi akapata pungufu. Wanauchumi huiita dhana hii gharama ya fursa: thamani ya kile ambacho mtu amekikosa kwa kuchagua kingine.

Uundaji wenye faida

Haimaanishi kuwa uundaji wote ni hasara. Gogo moja hutoa mbao 4, na mbao 2 hutoa vijiti 4; kwa hivyo magogo 4 hutoa vijiti 32. Mtengeneza mishale hununua vijiti hivyo kwa zumaridi moja, ilhali hakuna mwanakijiji anayenunua magogo. Hapa uundaji umekipa soko kitu kisichokuwa nalo.

Aidha, vitabu vilevile vilivyoleta hasara sokoni huweza kuleta nafuu nyumbani. Rafu ya vitabu huundwa kwa mbao 6 na vitabu 3. Malighafi hiyo, ikikadiriwa kwa bei zilizotajwa, ina thamani ya zumaridi moja na robo: karatasi 9, ngozi 3 na mbao zinazotosha vijiti 12. Mkutubi huiuza rafu hiyo kwa zumaridi 9. Mchezaji anayehitaji rafu 15 ili meza yake ya uchawi ifikie nguvu ya juu kabisa atafanya vyema kuziunda mwenyewe.

Mipaka ya soko

Ni muhimu pia kuzingatia kuwa soko hushiba. Mwanakijiji akiuziwa bidhaa moja mara nyingi hufunga biashara hiyo hadi arejee kwenye kituo chake cha kazi, jambo ambalo hulifanya si zaidi ya mara mbili kwa siku. Siku ya mchezo ni dakika 20. Yamkini mwenye shehena ya ngozi atafungiwa mlango na fundi wa ngozi. Hapo, ngozi inayobaki bila mnunuzi hushuka thamani, na kuigeuza kuwa vitabu huwa busara.

Hitimisho

Ni bayana kuwa anayepima faida hana budi kujiuliza mambo matatu: malighafi ingeuzwa kwa kiasi gani leo, bidhaa itauzwa au itatumiwa, na mnunuzi atanunua ngapi. Kiswahili chenyewe kinatoa onyo katika neno bure, ambalo hurejelea kisicholipiwa na vilevile kisicho na manufaa. Anayeihesabu ngozi kuwa ya bure katika maana ya kwanza huenda akaambulia kazi bure katika maana ya pili.