Mtoto Wako Hapendi Kelele? Thieta Anaweza, Ila Mwandae Kwanza

Kuna watoto ambao kwao dunia imefunguliwa sauti mpaka mwisho. Blenda ikiwashwa jikoni, anaziba masikio na kulia. Lebo ya fulana inamchoma shingoni kama mwiba. Taa ya tyubu inayochezacheza, ambayo wewe wala huioni, yeye inamtesa mpaka ajifiche chini ya meza. Ukimpeleka harusini, spika za MC zikianza tu, shughuli imekwisha: mnarudi nyumbani hata pilau hamjaigusa.

Huyo si mtukutu, wala hadeki. Ni kwamba milango yake ya fahamu inapokea mambo kwa nguvu kuliko ya kwako. Watoto wengi wenye usonji wako hivi, na mwaka 2013 mwongozo unaotumiwa na madaktari wa Marekani uliingiza jambo hili rasmi kwenye dalili za kuutambua usonji. Lakini wapo pia watoto wasio na usonji kabisa ambao hisi zao ni kali vilevile.

Mimi ninaye mmoja, kijana wa miaka saba. Tunaishi Reading, mji ulio magharibi ya London, pamoja na baba yake na dada yake. Na nikwambie ukweli mwenzangu, mtoto wa namna hii hagusi masikio yake peke yake, anagusa na ndoa. Kwa miaka minne mimi na mume wangu hatukuwahi kwenda mahali popote pa starehe pamoja. Akienda yeye, nabaki mimi. Nikienda mimi, anabaki yeye. Tukawa kama walinzi wa zamu, tunapishana mlangoni na kukabidhiana mtoto.

Basi dada mtu alipokaribia kutimiza miaka kumi, tukamuuliza anataka zawadi gani. Akasema anataka kwenda kuona The Lion King jukwaani. Halafu akaongeza, "Ila twende wote wanne." Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Baba mtu alikuwa na wasiwasi. "Watu wamelipa hela zao, huyu apige kelele katikati, tutaweka wapi sura zetu?" Simlaumu. Tulishawahi kwenda kwenye ukumbi mmoja, watu wakageuka kututazama kama wezi wa kuku. Mama mkwe naye kwenye simu kutoka Moshi, baada ya shikamoo na marahaba, akasema, "Mwanangu, mtoto anayekimbia redio mnampeleka kwenye ngoma akafanye nini?"

Nikawaambia nipeni wiki sita.

Maonyesho ya masharti nafuu

Kwanza, ujue kuwa siku hizi majumba mengi ya maonyesho Ulaya na Marekani yana siku maalumu kwa ajili ya watoto hawa. New York, mwaka 2011, shirika la TDF lilianzisha maonyesho hayo Broadway, na la kwanza lilikuwa hilohilo The Lion King. London nako yakafuata, na ukumbi wa Lyceum, ambako The Lion King ilianza mwaka 1999, ni mmoja wa kumbi zilizowahi kuyaandaa.

Mimi nayaita maonyesho ya masharti nafuu, kama mkopo wa Saccos. Mchezo ni uleule na waigizaji ni walewale, ila sauti inapunguzwa, taa za kumwekamweka zinaondolewa au kupunguzwa, na ukumbi hauachwi giza totoro. Mtoto anaruhusiwa kutoka na kurudi, kusimama, kurukaruka na kuongea. Kuna eneo la utulivu nje akizidiwa. Wahudumu wameshaelekezwa, na kila aliyekaa humo anajua amekuja siku ya namna gani.

Usione haya kupiga simu sehemu ya tiketi na kueleza hali ya mwanao. Uliza siku hizo zipo lini. Uliza pia kuhusu viti. Ushauri wa kawaida ni kuchukua kiti kilicho karibu na njia ili kutoka kuwe rahisi. Lakini The Lion King ina mambo yake: mwanzoni kabisa wanyama wanapita kwenye njia hizohizo katikati ya watazamaji, tembo akiwemo! Kwa mtoto mwingine hiyo ni raha, kwa mwingine ni balaa. Sisi tukachukua viti vya ghorofani, mwisho wa mstari, jirani na mlango.

Adui ni kushtukizwa

Katika kumsoma mwanangu miaka yote hii nimegundua kitu kimoja. Kelele anayoijua inakuja anaivumilia kuliko kelele ndogo inayomshtukiza. Kwa hiyo maandalizi yote, shosti, ni kuondoa mshtuko. Hivi ndivyo nilivyofanya.

Hadithi ya picha. Mbinu hii aliianzisha mwalimu wa Marekani, Carol Gray, miaka ya mwanzo ya 1990. Unamwandikia mtoto kijitabu kifupi kinachoeleza jambo litakavyokwenda, kwa sauti yake mwenyewe. Majumba mengi yanaweka picha zake kwenye intaneti: mlango, ngazi, viti, vyoo. Nikazichapa, nikaandika chini yake kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Nitapanda ngazi. Nitakaa kwenye kiti chekundu. Nitasikia ngoma. Nikitaka nitaziba masikio. Nikichoka nitamshika baba mkono, tutatoka nje, halafu nikitaka tutarudi." Tulikisoma kila usiku kabla ya kulala. Usiandike "nitafurahi sana." Huwezi kumwahidi atakavyojisikia, ila unaweza kumwahidi kitakachotokea.

Kuijua hadithi. Katuni ya mwaka 1994 alikuwa anaijua. Tatizo ni kwamba jukwaani mambo ni tofauti. Mwongozaji Julie Taymor aliamua wanyama wavaliwe na watu bila kuwaficha, kwa hiyo sura ya simba iko juu ya kichwa na uso wa mwigizaji unaonekana chini yake. Kwa mtoto anayetaka kila kitu kiwe kilekile, hilo ni la kumvuruga. Tukatafuta picha za mchezo wenyewe, kisha tukatengeneza simba wetu kwa boksi la kandambili. Alipoivaa mwenyewe kichwani na kujiona kwenye kioo, swali la "kwa nini simba ana mtu" likaisha. Kiswahili nacho kilitubeba. Kusikia kwamba nyani anaitwa Rafiki, na kwamba Pumbaa ni yule aliyepumbaa, alicheka siku nzima. Yaani wageni wale wakawa watu wa nyumbani.

Masikio. Nilimpigia nyimbo za mchezo kwa sauti ya chini wakati anakula, kila siku chache naongeza kidogo, akikunja uso narudisha. Usimlazimishe! Tukamnunulia vile vifuniko vikubwa vya masikio kama wanavyovaa mafundi wa mashine, akavizoea nyumbani kwanza, maana navyo vinabana kichwa.

Makofi. Hili watu wengi hawalifikirii. Muziki una mpangilio, lakini makofi ya ukumbi unaochukua zaidi ya watu 2,000 yanalipuka kama mvua ya mawe kwenye bati. Tukacheza mchezo sebuleni: dada mtu anaimba, akimaliza mimi nasema "makofi yanakuja, moja, mbili, tatu," ndipo tunapiga. Tulianza kwa kidole kimoja kwenye kiganja.

Giza. Jioni tulizima taa taratibu, tunahesabu mpaka kumi, tunawasha. Baadaye yeye mwenyewe ndiye akawa mzimaji. Mtoto akishika swichi, woga unapungua nusu.

Njia. Wiki moja kabla tukapanda treni mpaka Paddington, tukaingia treni ya chini ya ardhi, tukatembea hadi mlangoni pa ukumbi, tukala chipsi, tukarudi zetu. Siku yenyewe ilipofika, njia haikuwa mpya.

Siku yenyewe

Usimvishe mtoto nguo mpya, hata kama ni siku ya sherehe. Wetu alivaa fulana yake kuukuu isiyo na lebo. Kwenye mkoba niliweka chakula anachokijua, kijitabu chake cha picha, vifuniko vya masikio, mpira mdogo wa kuminyaminya na khanga ya bibi yake, ambayo ananusa anapotaka kutulia. Niliweka na taulo dogo, kwa sababu ya zile mashine za kukaushia mikono chooni. Zinavuma kuliko hata ngoma za jukwaani, na siku inaweza kuharibikia hapo kabla pazia halijafunguliwa.

Tulipanga pia, mimi na mume wangu, nani anatoka naye kipindi cha kwanza na nani cha pili. Kwa hiyo hapakuwa na ule mzozo wa kunong'onezana "nenda wewe."

Rafiki alipoanza kuita kwa Kizulu, mwanangu alijifunika khanga mpaka kichwani. Tembo alipopita kule chini, jicho moja likachungulia. Kisha mawili. Akasimama kitini akawa anapunga mikono kama ndege, na mstari wa mbele yetu kulikuwa na binti mkubwa anapunga vilevile. Kijana mmoja nyuma yetu alikuwa anamjibu kila mwigizaji kwa sauti. Hakuna aliyegeuka.

Kwenye lile kundi la nyumbu wanaokimbia ilimzidi. Alimshika baba yake mkono, kama kijitabu kilivyosema, wakatoka. Wakakaa nje kama dakika kumi na tano, wakala biskuti. Mimi nilijua ndio mwisho. Hapana! Akarudi kwa miguu yake na kukaa kwenye kiti chake chekundu. Kipindi cha pili alikaa hadi mwisho, na makofi yalipokaribia alininong'oneza, "Moja, mbili, tatu."

Mume wangu, yule aliyeogopa sura yetu tutaiweka wapi, aliniambia kwenye treni, "Leo kwa mara ya kwanza sikuwa naangalia watu, nilikuwa naangalia mchezo." Na dada mtu alilala begani kwake akiwa ameshika tiketi zote nne.

Na wewe uliye nyumbani?

Najua utasema hayo ya London, huku kwetu je? Mwenzangu, mbinu hazihitaji viza. Tamasha la shule, graduesheni ya chekechea, harusi ya shangazi, hata onyesho la pale TaSUBa Bagamoyo, vyote vina mlango, viti, spika na makofi. Piga picha za ukumbi siku moja kabla. Omba kuingia wakati wa mazoezi, watu wakiwa wachache. Kaeni mbali na spika, karibu na mlango. Mwambie mwalimu au MC mapema, kwa ustaarabu, wengi wanaelewa wakielezwa. Na mpangiane zamu na baba watoto mapema.

Zaidi ya yote, mpe mwanao ruhusa ya kutoka, na uimaanishe. Mtoto anayejua mlango uko wazi ndiye anayethubutu kubaki. Akitazama dakika kumi tu akaomba kwenda nyumbani, hizo dakika kumi ni zake, mpongeze. Mara nyingine zitakuwa ishirini.

Na ninyi wazazi, msikubali miaka ipite mkipishana mlangoni. Mtoto anahitaji maandalizi, kweli. Lakini na ninyi mnahitaji kukaa mstari mmoja, bega kwa bega, hata kama mmoja atatoka katikati na kurudi na biskuti mfukoni.