Mei na Panda Mwekundu

Binti yangu ana miaka 12. Tulipotazama Turning Red, filamu ya katuni ya Pixar ya mwaka 2022, alinishika mkono mhusika mkuu, Mei, alipogeuka panda mkubwa mwekundu. Mei ana miaka 13, anaishi Toronto, mwaka 2002. Panda huyo ni mfano wa kubalehe. Wapo watazamaji waliosema mambo hayo ni mazito mno kwa watoto, na kwamba wahusika wenye nyuso za duara hawapendezi. Mimi nakataa. Mwongozaji, Domee Shi, aliazima mtindo wa katuni za Kijapani, macho yakapanuka na kung'aa, hisia zikasomeka usoni. Usiku ule binti yangu aliniuliza kuhusu hedhi bila kuinamisha macho. Nilimjibu yote.