Picha ya Yesu Isigeuzwe Hirizi

Walio katika makundi ya WhatsApp ya kwaya au jumuiya wanaijua picha hii: Yesu mwenye nywele za kahawia, mwanga umemzunguka kichwani, na chini yake agizo. Watumie watu kumi kabla ya saa sita usiku, utapokea muujiza. Ukipuuza, mkosi utakuandama. Wengi huisambaza wakijisemea kwamba haidhuru. Kitheolojia, inadhuru.

Ugomvi kuhusu picha takatifu ni wa kale. Katika karne ya 8, watawala wa Bizanti walizipiga marufuku, kwa hoja kwamba Mungu hachoreki. Mwanateolojia Yohane wa Damasko aliwajibu kuwa Mungu asiyeonekana kweli hachoreki, lakini katika Yesu alitwaa mwili, akaonwa na watu, akala nao. Na kilichoonwa kwa macho chaweza kuchorwa. Mwaka 787, Mtaguso wa Pili wa Nisea uliafiki picha hizo na kuziwekea mpaka: picha hupewa heshima, ibada ni ya Mungu peke yake. Hata heshima hiyo haikomei kwenye rangi na ubao. Humwendea yule aliyechorwa. Waprotestanti wengi hawaufuati mtaguso huo katika suala la picha, lakini nao wanafundisha kwamba nguvu haimo ndani ya kitu.

Ujumbe wa "tuma kwa kumi" unauruka mpaka huo. Nguvu inaondolewa kwa Kristo na kuwekwa kwenye picha na idadi ya waliotumiwa. Neema inakuwa ujira wa kubonyeza simu, na Mungu anakuwa mwenye kinyongo, anayemvizia aliyefuta ujumbe. Hiyo ni hirizi iliyovikwa sura ya Yesu.

Tazama sasa picha za ukutani katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mchoraji wa picha hizo ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora humo kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni ya Wagikuyu. Waumini waliokuwa wamezika ndugu zao hawakuahidiwa bahati na kuta hizo. Walimwona Mungu akiteseka katika nchi yao, miongoni mwa watu wanaofanana nao. Hoja ya Yohane wa Damasko ilikuwa imepakwa rangi mbele yao.

Katekista au mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kuiweka picha ya WhatsApp pamoja na mojawapo ya zile za Murang'a mbele ya vijana na kuwauliza: kila moja inasema Mungu ni wa namna gani, na inatutaka tufanye nini? Wakishajibu, watajua wenyewe la kufanya na ujumbe unaofuata. Picha ya WhatsApp wanaweza kuibakiza wakipenda. Vitisho vilivyo chini yake ndivyo vya kufutwa kabla haijamfikia mtu mwingine.