Langalanga na Safari

Kwa Kiswahili chetu, Formula 1 ni mbio za langalanga. Nilikua hapa Mamboleo, Kisumu, nikidhani neno hilo linaiga mlio wa injini. Kumbe Langalanga ni mahali. Iko Bonde la Ufa, upande wa Gilgil, na baada ya Vita Kuu ya Pili wapenda magari wa enzi za ukoloni walikuwa wakifukuzana huko, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kizunguzungu. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipokuwa akitawazwa, Eric Cecil na wenzake waliochoka kuzunguka palepale walianzisha mashindano ya aina nyingine, Safari: magari yapite Kenya, Uganda na Tanganyika, kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni, kwenye barabara zilezile za ng'ombe na mabasi.

Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini Afrika imeonekana mara chache kwenye orodha ya wenyeji wa langalanga. Uwanja wa mzunguko ni mali ghali. Unahitaji lami laini, kingo za kuzuia gari lisiruke, gereji, hospitali ndogo, kisha FIA, shirikisho la kimataifa, liukague na kuupa daraja la kwanza. Barani kwetu ni nchi mbili tu zilizoandaa mbio za ubingwa wa langalanga: Moroko, mara moja tu, Ain-Diab mwaka 1958, na Afrika Kusini, kwanza East London, baadaye Kyalami, ambako zilikimbizwa mara ya mwisho 1993.

Kenya haikujenga uwanja wa namna hiyo. Uwanja wake ulikuwa nchi nzima. Mwaka 1973, ubingwa wa dunia wa rali ulipoanzishwa, Safari ilikuwa ndani tangu mwaka huo wa kwanza. Na hapo, tofauti na langalanga, kumpita mwenzako hakukuwa na maana sana. Dereva alipewa muda wa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Akichelewa, kila dakika ni adhabu inayoandikwa kwenye kadi yake. Mwenye dakika chache mwishoni ndiye bingwa.

Mjomba wangu alifuata Safari redioni, daftari mapajani. Ukurasa wake wa 1973 bado nauona: Shekhar Mehta, 406. Harry Källström, 406. Baada ya maelfu ya kilomita, wawili hao walilingana dakika kwa dakika! Mehta, mzaliwa wa Uganda, alipewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mjomba alipiga mstari mwekundu chini ya jina lake, na nusura karatasi itoboke.

Baadaye mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua ya masika inapoanza, na sisi tunaoishi kati ya ziwa na milima ya Nandi hatuhitaji kuelezwa maana yake. Udongo mweusi wa uwanda wetu wa Kano ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mguu. Ukilowa, hunata kwenye tairi, ukajaa chini ya bodi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika tena 7, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiwa na Peugeot 404. Kwa hiyo magari ya Safari yalikuja na sura yake: vyuma vya mbele vya kukinga ng'ombe, na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi paani, ili mto usiizime injini.

Na mazingira hayo yaliwapendelea waliozaliwa humu. Joginder Singh, mtoto wa Kericho, huko juu tu ya uwanda wetu, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo waliyoinunua mitumba. Akarudia 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mgeni kutoka ng'ambo hakushinda hadi 1972, alipofika Hannu Mikkola.

Baada ya 2002 Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Dunia ilikuwa imeshahamia mbio za vipande vifupi kwenye barabara zilizofungwa, na sioni jinsi barabara za umma zingeendelea kuachiwa magari ya kasi ile bila kuua watu. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma.

Juni 2021 ilianza kwa sherehe za Madaraka kwenye uwanja mpya wa Mamboleo. Mwezi huohuo Safari ikarudi, kama kilomita 320 za mashindano, nyingi zikiwa kandokando ya Naivasha. Nilimwekea mjomba televisheni. Alikuwa na daftari jipya.

"Leo wanalala wapi?" akauliza.

"Naivasha, mjomba."

"Na kesho?"

"Naivasha."

Akanyamaza, kalamu mkononi. Jumapili asubuhi Thierry Neuville alikuwa akiongoza, kisha njia ikamvunjia gari kwa chini, na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Mjomba akavaa miwani, akainama, akaandika polepole: Neuville, shokamzoba.