Kiazi Kinachomaliza Maua ya Kitulo

Wageni ninaowaongoza katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo huliinamia ua, wakalipiga picha, wakaridhika. Mimi huwaeleza pia habari za chini ya udongo, kwa kuwa huko ndiko okidi zetu zinakomalizwa.

Okidi nyingi za uwanda huu, zikiwemo za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria, huota ardhini na kujiwekea viazi viwili. Kile cha zamani hulilisha ua la mwaka huu huku kikisinyaa. Kipya hujaa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kilichojaa. Akikichukua, mwakani hapachipui kitu.

Viazi hivyo huvushwa kwenda Zambia. Huko hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga za kusaga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vigande, vikakatwa vipande. Hicho ndicho chikanda, chakula kinachopendwa sana, na simlaumu anayekila. Ila okidi za Zambia zilipopungua, wanunuzi waligeukia milima yetu. Mwaka 2003, watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kila mwaka. Mwaka 2005 Kitulo, tunayoiita Bustani ya Mungu, ikatangazwa hifadhi ya taifa, zaidi ya kilometa za mraba 400.

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, nao unadai kibali kwa okidi yoyote ya porini inayovuka mpaka wa nchi. Lakini okidi nyingi zimeota nje ya hifadhi, kwenye malisho ya vijiji, na anayechimba mara nyingi anatafuta ada ya mtoto.

Kuzirudisha ni kazi ndefu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi na haina akiba ya chakula. Haikui mpaka ikutane udongoni na kuvu anayefaa, aanze kuilisha. Nyasi zikilimwa ili kupandwa viazi mviringo au misonobari, makao hayo yote huondoka.

Kwa hiyo askari wa hifadhi peke yao hawatoshi. Vijiji vitenge malisho yasiyolimwa, na kijiji kinacholinda maua kipate sehemu ya fedha za utalii. Wataalamu nao wasichoke kutafuta njia ya kuotesha okidi shambani. Chikanda kitaendelea kuliwa; kinachotakiwa ni kitokane na kiazi kilichopandwa na mtu.