Chapati: Neno Lililozaliwa Kiganjani

Chapati zimeenea mijini na vijijini hata aghalabu msomaji haulizi jina lake limetoka wapi. Wako wanaodhani kwamba limezaliwa na kitenzi chetu cha kuchapa, kwa kuwa unga hupigwapigwa kabla ya kupikwa. Dhana hiyo inapendeza, lakini si sahihi. Neno hili lilitufikia kutoka Bara Hindi likiwa limekwisha kukamilika, kama yalivyotufikia maneno gari, bima na laki.

Katika lugha ya Kihindi, chapat maana yake ni kofi. Mpishi wa huko huchukua donge la unga wa ngano, akalipigapiga baina ya viganja viwili mpaka likawa bapa, kisha akaliweka juu ya kikaango cha chuma kisichotiwa mafuta. Kwa ajili ya kofi hilo, mkate ule ukaitwa chapati. Jina limo hata katika Ain-i-Akbari, kitabu alichoandika Abu'l-Fazl katika karne ya 16.

Wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wamekwisha kufanya maskani Unguja na Mombasa kabla ya kujengwa reli ya Uganda. Ujenzi ulipoanza mwaka 1896, waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wenyeji wa Punjab, nchi ya ngano. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na watu waliosafiri nayo walichukua mapishi yao na majina yake.

Hapo jina likadumu, chakula kikabadilika. Chapati yetu ya kusukuma, yenye mafuta na tabaka, Wahindi huiita paratha. La ajabu zaidi ni chapati za maji. Hizo ni unga uliokorogwa kwa maji na yai, ukamiminwa kikaangoni kwa upawa. Hazionji kofi hata moja, ila jina la kofi zinalo.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Maelfu kwa maelfu waliacha nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao. Chapati haikuondoka, kwani ilikuwa imekwisha kukaa katika mikono ya wengine. Leo wauzaji wa barabarani mjini Kampala huikunja pamoja na mayai na kuiita rolex, jina lililotokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyokunjwa, likafananishwa kwa mzaha na lile la saa mashuhuri.

Basi, amri huweza kuwaondoa watu katika siku chache zilizohesabiwa. Neno likisha kuingia jikoni mwa jirani, hapana amri iwezayo kulitoa, na kila anayelitamka hutaja, ajue asijue, viganja vya waliolileta.