Kinu, Jirani na Jumapili ya Ujerumani

Jumapili yangu ya kwanza Hamburg niliamka na hamu ya pilau. Kinu changu kidogo nilikuja nacho kutoka Tanga, kimefungwa ndani ya khanga. Nikakiweka juu ya sakafu ya mbao jikoni, nikatia iliki, mdalasini, bizari nyembamba na pilipili manga, nikaanza kutwanga. Haikufika dakika kumi, mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya chini. Hakufoka. Alisema tu, "Leo ni Jumapili," akashuka zake. Siku nzima niliumia moyo, nikiamini amenichukia kwa rangi yangu.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja wa Mombasa aliyeishi huku miaka mingi. Alinishika mkono hadi chini, kwenye ubao wa matangazo karibu na visanduku vya barua, akanisomea kanuni za nyumba: kimya kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa. Hakuna kupiga nyundo, kutoboa ukuta wala kuendesha mashine ya kufyonza vumbi. Hata chupa tupu hazitupwi kwenye mapipa ya vioo siku hiyo, kwa sababu ya ule mlio wake.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Mwaka 321 Kaizari Konstantino wa Roma aliamuru Jumapili iwe ya mapumziko, na Kanisa likaikuza. Viwanda vilipoenea, wafanyakazi nao waliidai, na sheria ya Ujerumani ya 1891 ikazuia kazi nyingi za viwandani siku hiyo. Katiba ya Ujerumani ya 1919, iitwayo ya Weimar, ikailinda kama siku ya kupumzika kazi na kuinua roho. Katiba ya 1949 ikakichukua kifungu hicho kama kilivyo. Kwa hiyo muumini na asiyeamini, wote wana sababu ya kuitetea. Berlin iliporuhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne kabla ya Krismasi, makanisa yalishtaki, na Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ikayapa ushindi.

Hapa Hamburg kuna mfano mzuri zaidi wa biashara na ibada kupeana nafasi. Soko la samaki la Altona limeruhusiwa kuuza Jumapili asubuhi tangu 1703, kwa sharti kwamba wauzaji wamalize kabla ya ibada. Mpaka leo hufungwa saa tatu na nusu.

Ukiwa mgeni, fanya hivi: nunua mahitaji Jumamosi, maana Jumapili utabaki na maduka ya stesheni, vituo vya mafuta na, asubuhi, maduka ya mikate. Ukiwa na sherehe, bandika kikaratasi kwenye ngazi siku chache kabla, uwaombe radhi majirani mapema. Hakikupi ruhusa ya kupiga muziki usiku kucha, lakini watu huvumilia zaidi wakijua.

Kwetu nyumba ya jirani ikiwa kimya tunaingiwa na wasiwasi, tunapiga hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Yule bibi amelelewa kumheshimu jirani kwa kumwachia utulivu wake. Nilipolielewa hilo, donge likanitoka rohoni. Siku hizi natwanga Jumamosi mchana, na chini ya kinu naweka taulo niliyoikunja mara nne.